Rayon: neno tulilopewa bila kamba

Leo naomba tukosoe neno moja. Si kitabu, si hotuba ya mtu. Ni radius, lile tulilofundishwa kwa Kifaransa kama rayon. Nakosoa namna shule ilivyotupatia neno hilo, na namna sisi wenyewe tunavyolipeleka kwa watu kwa Kiswahili.

Nianze na kosa langu. Wakati wa staji nilikuwa ninaeleza wakulima namna ya kuweka mbolea ya duka kwenye migomba michanga. Daftari langu lilisema: rayon ya mita 1 kuzunguka shina. Nikataka kuonyesha Kiswahili kizuri, nikasema “duara yenye nusu kipenyo ya metre moja”. Watu wakaniangalia tu. Basi nikafupisha: “Duara ya metre moja.” Wote wakaitika ndiyo, nami nikaenda zangu.

Niliporudi, kwa mama mmoja majani yalikuwa yameungua pembeni. Nikamuuliza alipimaje. Akanijibu: “Agronome, ulisemaka metre moja, na sisi tulipima metre moja. Makosa iko wapi?”

Alikuwa amepima toka ukingo huu wa duara mpaka ukingo ule. Tufanye hesabu. Duara ya rayon ya mita 1 ina eneo la mita za mraba 3,14. Ile ya mama, yenye rayon ya nusu mita, ina 0,79 hivi. Kumbe ukikata rayon nusu, eneo halibaki nusu, linabaki robo. Kipimo kile kile cha mbolea kilimwagwa kwenye robo ya udongo, tena karibu na shina, na chumvi yake ikachoma. Na mimi, katika ripoti, niliandika kwamba wakulima hawakufuata maelekezo. Walifuata kabisa. Maelekezo ndiyo yalikuwa mabovu.

Tangu siku ile nilianza kulifuatilia hili neno. Kwa Kilatini radius ilikuwa fimbo nyembamba, njiti ya gurudumu, tena mshale wa mwanga. Yaani kitu kilichonyooka kinachotoka katikati kwenda nje. Angalieni gurudumu la kinga: zile waya zinazotoka katikati kushika chuma cha nje, kwa Kifaransa ni rayon vilevile. Hapo hakuna wa kukosea, maana kitu kinaonekana kwa macho.

Sasa kumbukeni masomo yetu. Katika biolojia, radius ni mfupa wa mkono upande wa kidole gumba, ule unaozunguka juu ya mwenzake ukigeuza kiganja. Katika somo la wadudu, radius ni mmoja wa mishipa mikubwa ya bawa, na unasaidia kutambua mdudu ni wa jamii gani. Katika somo la miti, rayon ni mistari inayotoka kwenye kiini kwenda kwenye ganda. Katika fizikia kuna rayon za mwanga. Hata radium, ambayo Marie na Pierre Curie waliipa jina mwaka 1898, imetoka kwenye neno hilo hilo kwa sababu inatoa miale. Na sisi Wakongomani tunajua madini ya Shinkolobwe, kule Katanga, yalivyopelekwa Ubelgiji kutolewa radium hiyo.

Mimi nilikutana na neno hili somo baada ya somo, na kila mara nililikariri upya kama mgeni. Hakuna aliyesema: ni lile lile, picha ni moja. Hilo ndilo lawama langu la kwanza. Tulipewa maana nyingi kama mizigo mingi, wakati ulikuwa mzigo mmoja wenye mikono mingi.

Lakini tusidanganyike na sura ya neno. Rayon ya dukani, pale wanapopanga sabuni, na rayon ya asali kwenye mzinga ni ukoo mwingine kabisa, zinafanana sauti tu. Na RADIUS ya wale wa informatiki, inayohakikisha jina lako kabla ya kukufungulia Wi-Fi, ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza zilizounganishwa. Kufanana si undugu.

Lawama la pili ni kwa Kiswahili chetu cha vitabu. Vitabu vya hesabu vya Tanzania vinaandika nusukipenyo. Kipenyo ni neno zuri: linatoka kwenye kupenya, mstari unaopenya duara upande mpaka upande. Lakini nusukipenyo linamlazimisha mtu kuwaza kwanza kipenyo, halafu agawe kwa mbili. Katika mtihani sawa, halina kosa. Shambani linageuza kazi kichwa chini, maana katikati ya duara kumesimama mgomba! Utapimaje kwa kupenya shina? Kinachopimika ni umbali toka shina kwenda nje.

Na sisi wenyewe tunafanya hivyo. Tukitaka kiwanja cha duara cha are moja, yaani mita za mraba 100, mmoja anasimama katikati na kushika kamba ya mita 5,64, mwenzake anazunguka. Hakuna anayetafuta kipenyo.

Wengine watasema shida ilikuwa mimi, si neno. Nakubali nusu. Nilifupisha vibaya. Lakini nilifupisha kwa sababu neno nililokuwa nalo halikuwa na picha, na aibu ya kuonekana sijui Kiswahili ilinizuia kuchukua fimbo na kuonyesha.

Mama yule alinisahihisha vizuri kuliko kamusi: “Ungesema tu: funga kamba ku mugomba, uzunguke.” Kamba hiyo ndiyo radius, sawasawa na fimbo ya Walatini. Mwenye neno moja la Kiswahili linalobeba kamba hiyo, alilete hapa. Mpaka lipatikane, mimi nitasema “kamba toka katikati”, hata kama prof atacheka. Na ile ripoti, ningepewa nafasi, ningeifuta ule mstari.