Rahner, taa ya simu na sentensi isiyoisha

Wandugu tuliopita seminari, tuseme ukweli: nani kati yetu alimalizaka Traité fondamental de la foi ya Karl Rahner? Miye niliishia ukurasa wa 40. Umeme ulikatika, nikasoma na taa ya simu. Nilianza sentensi moja bateri iko 12 kwa mia. Kabla ya kufikia nukta, simu ikazima. Na kitabu hicho, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1976, kinajiita utangulizi!

Wajerumani wenyewe walilia. Inasimuliwa kwamba kaka yake Hugo, naye Mjesuiti, alitania kuwa siku moja atatafsiri vitabu vya Karl kwa Kijerumani.

Lakini tusimtupie lawama yote. Aliandikia watu waliokwisha kumeza Kant na Heidegger. Sisi tulipewa Rahner asubuhi, Kant jioni. Tena ukipasua ganda, wazo ni wazi: Mungu si kitu kimoja kati ya vitu vingine, na mtu ni yule anayebeba swali asiloweza kulimaliza peke yake. Nilimwelezea mama hivyo, yuko anapima unga wa fufu. Akanitazama: "Ni ile njo ulisomaka miaka ine?"

Kosa ni letu. Kwenye mtihani tulirudisha maneno yake makubwa jinsi yalivyo, tukapata 14 juu ya 20. Hakuna aliyetuomba tuyaseme kwa Kiswahili. Leo mwenzetu akihubiri "transendentali", wakristu wanaitika Amina, kisha nje wanaulizana kama ni jina la mtakatifu.