Mto Wetu, Sauti ya Nani?

Mtu atokaye Bangboka akavuka mto Kisangani na kushika njia ya Ubundu, atafika upande wa mto Ruiki. Huko, mwaka 1951, John Huston, Mmarekani, alipiga sehemu ya sinema iitwayo The African Queen; sehemu nyingine aliipiga Uganda. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa mchezo wake. Nasi twaisifu kwa jinsi ilivyouonyesha mto na msitu. Lakini sifa isitufumbe macho.

Hadithi yenyewe yatoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester, cha mwaka 1935. Humo Allnutt, fundi wa mashua, ni mtu wa London, naye asema kama watu wadogo wa London wasemavyo. Katika sinema amekuwa Mkanada. Kwa nini? Kwa sababu Bogart alisema Kimarekani. Badala ya mchezaji kujifunza usemi wa mtu, mtu amebadilishwa taifa apate kumfaa mchezaji! Na Waingereza hawakulazimishwa: kampuni yao ya Romulus ilitoa sehemu ya fedha.

Ikiwa Mwingereza alipoteza usemi wake, sisi je? Watu weusi twawaona mwanzoni, kanisani, wakijaribu kufuata wimbo usiowakaa kinywani. Kijiji chao chachomwa moto, kisha hatuambiwi habari zao tena. Mto ni wetu, sauti si yetu.

Basi, tuwakataze vijana sinema za Marekani? La. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walipenda mno sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajiita Bills kwa jina la Buffalo Bill. Hatuwasifu kwa ugomvi wao. Lakini mambo ya ugenini waliyatia katika usemi walioutunga wenyewe, hindubill, juu ya msingi wa Kilingala. Walivaa kofia ya mgeni, ulimi ukabaki wao.

Kuazima si aibu. Kuazima hata sauti ya kusimulia habari za nyumbani kwako, hiyo ndiyo hasara. Kwa hiyo, kijana mwenye babu aliyekaa kando ya Ruiki amwulize leo, akaandike kwa Kiswahili chetu, kabla mgeni mwingine hajaja na kamera yake.