Fundi Anayeanza na Pawasaplai

Mteja wa kompyuta ya gemu huja dukani na jina la kadi mdomoni. Ameshaangalia video, anajua gemu gani itakimbia kwa kasi gani, na fedha ameshaigawa kichwani: fungu kubwa kwa kadi ya grafiki, linalofuata kwa prosesa, kisha taa za rangi, na chenji itakayobaki ndiyo ya pawasaplai. Mafundi wengi wa Kariakoo wanampokea hapohapo alipo, maana mteja ni mfalme. Ninaotaka kuwasifu ni wale wanaothubutu kumgeuzia orodha juu chini, waanze na lile sanduku la chuma ambalo haliongezi hata picha moja kwenye kioo.

Swali la kwanza la fundi wa namna hii halihusu gemu. "Mdogo wangu, kwenu umeme ukoje?" Jioni taa zinafifia? Kuna jirani mwenye mashine ya kuchomelea? Nyumba ina ethi, au ile pini ya juu ya plagi imewekwa tu? Kijana anajibu, "Saa mbili usiku umeme huwa mdogo, fundi," na nusu ya orodha imeshaandikika. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, ila mtaa wenye watu wengi na transfoma moja una hesabu zake. Pawasaplai ya zamani yenye swichi nyekundu mgongoni, ya kuchagua 115 au 230, haivumilii umeme mdogo. Ya kisasa yenye saketi ya kusawazisha namna inavyovuta umeme hupokea chochote kati ya volti 100 na 240, na mtaa ukishuka hadi 180 inaendelea kama kawaida. Kwa hiyo fundi ameshazikataa nusu ya zilizopo rafuni kabla hata hajagusa bei.

Kisha anageuza sanduku asome kibandiko cha ubavuni. Hapa ndipo napenda kusogea karibu.

Juu ya boksi wameandika 500 kwa tarakimu zinazosomeka toka ng'ambo ya barabara. Yeye hana habari nazo. Kidole kinashuka kwenye jedwali dogo, kinapita volti 3.3, kinapita volti 5, kinasimama kwenye volti 12: ampia 16. Kumi na mbili mara kumi na sita, 192. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi ya grafiki zitagombea, kwa sababu zote mbili hula kwenye volti 12. Wati nyingine zilizojazwa ili ifike 500 ziko kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haichoti sana. Jedwali la hivyo linamsimulia fundi umri wa mchoro wa ndani: ni wa enzi ambayo prosesa ilipewa umeme wa volti 5, kabla Intel haijaleta plagi ya ziada ya volti 12 mwaka 2000 kwa ajili ya Pentium 4. Sanduku ni jipya, nailoni bado haijabanduliwa, na ndani yake mna kompyuta ya miaka ya tisini. Anairudisha rafuni bila kusema neno. Anachukua nyingine iliyoandikwa 650. Volti 12, ampia 54. Hiyo ni 648, karibu yote. Anaipima kwa mkono uzito, anatikisa kichwa kukubali, anaiweka mezani.

Kwa nini 650, wakati hesabu inadai kidogo? Chukua kompyuta ya kawaida ya kijana aliyejipanga: prosesa Ryzen 5 7600 na kadi RTX 4070. Prosesa imeandikwa wati 65, lakini inaruhusiwa kufika 88, na fundi anaandika 88. Kadi ni 200. Mazabodi, RAM, feni na SSD anazikadiria 50. Jumla 338. Mtu wa haraka angechukua 400 akaona amebakiza. Fundi anajua kwamba kadi haivuti umeme kwa utulivu: bomu likilipuka kwenye gemu, huruka juu ya kiwango chake kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko mita yoyote ya dukani inavyoweza kuuona, na pawasaplai iliyobanwa hudhani kuna shoti ikajizima. Kijana ataona kioo cheusi katikati ya mechi na kulaumu kadi. Miruko hiyo imekuwa mikubwa kiasi kwamba kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinataka pawasaplai yenye plagi mpya ya pini 16 ivumilie mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100.

Nafasi ile iliyoachwa ina kazi nyingine pia. Pawasaplai hupoteza umeme kidogo kuliko wakati wowote inapobeba karibu nusu ya uwezo wake, na alama za 80 Plus, zilizoanza mwaka 2004, hupima hilo. Ya dhahabu kwenye umeme wa volti 230 hufikia asilimia 92 katika nusu mzigo. Tuseme kompyuta yetu inakula wati 340. Pawasaplai yenye asilimia 90 itavuta ukutani wati 378 hivi. Yenye asilimia 80 itavuta 425. Tofauti ni wati 47 za joto tupu. Kwa anayecheza saa nne kila siku, hizo ni kama uniti tano na nusu za LUKU kwa mwezi. Ila fundi mzuri hakubali alama hiyo iseme yasiyoihusu. Inapima upotevu, na inapimwa katika chumba cha nyuzijoto 23. Dar ya Februari haina chumba cha namna hiyo bila kiyoyozi. Ndiyo maana anauliza kapasita za ndani ni za nyuzi 85 au 105. Kila nyuzi 10 unazoipunguzia kapasita, maisha yake huongezeka takriban maradufu, na tofauti ya 20 ndiyo miaka ya kompyuta nzima.

Kapasita kubwa ya ndani inafanya kazi ya tangi la maji lililo juu ya nyumba: bomba likikauka kidogo, walioko ndani hawajui. Mwongozo wa ATX unataka pawasaplai iendelee kutoa umeme safi milisekunde 16 au 17 hivi baada ya ukuta kukatika, ikiwa na mzigo mkubwa. Wimbi moja la umeme wetu ni milisekunde 20. Ni muda mdogo sana, lakini UPS ya kawaida huhitaji milisekunde chache tu kushika zamu, na ndani ya pengo hilo kompyuta inazimika au inabaki hai. Sanduku lenye kapasita ndogo ya kubania gharama huangusha mashine hata kama UPS ipo chini ya meza. Wenye mitaa ya umeme unaopepesa wanaijua taabu hiyo bila kujua chanzo chake.

Sehemu nyingine anazichagua upesi, na sioni haja ya kukaa nazo. RAM vipande viwili kuliko kimoja kikubwa, vikae tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa. Kasha lenye wavu mbele, kwa joto na vumbi letu, hata kama la kioo kitupu linapendeza zaidi.

Kwenye waya anapunguza mwendo tena. Pawasaplai nyingi za leo waya zake huchomoka, na upande wa sandukuni kila kampuni imepanga pini inavyotaka. Plagi inaingia vizuri, inalia klik, kumbe volti 12 imetua mahali pa volti 5, na SSD inakufa papo hapo pamoja na kila kilichohifadhiwa humo. Kwa hiyo waya za kila pawasaplai zinakaa kwenye mfuko wake, na mfuko una utepe wa karatasi ulioandikwa jina la mashine kwa kalamu ya wino mzito. Plagi ya pini 16 anaisukuma hadi mwisho, kisha anamulika kwa tochi ya simu aone kama kuna upenyo. Baada ya RTX 4090 kutoka mwaka 2022, plagi kadhaa ziliyeyuka, na kutozamishwa vizuri kulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2023 umbo lake likarekebishwa, pini za kutambua zikafupishwa ili kadi isivute nguvu plagi ikiwa haijakaa. Yeye bado anamulika.

Ustadi huu nauona zaidi kwa mteja asiye na fedha ya RTX. Vijana wengi wanaanzia kwenye kompyuta za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex na jamaa zake. Fundi mwenye pupa atang'oa pawasaplai iliyokuja nayo na kuweka ile ya "500". Kwenye OptiPlex 9020 atakwama mara moja, kwa kuwa mazabodi yake hupokea plagi ya pini 8 isiyo ya kawaida badala ya 24. Fundi ninayemsifu anaiacha ilipo. Wati zake ni chache lakini ni za kweli, sehemu kubwa iko kwenye volti 12. Anatafuta GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, inayokula wati 75, kiasi kilekile ambacho tundu la mazabodi linaruhusiwa kutoa. Kijana anaondoka na mashine ya gemu bila pawasaplai kubadilishwa, na fedha iliyookolewa inanunua SSD.

Mashine ikishafungwa anaipa mzigo mzito saa nzima, ncha za mita zikiwa kwenye waya wa njano na mweusi. Ikiwa imetulia inasoma 12.08, kadi ikipamba moto, 11.97. Kiwango cha miaka mingi kiliruhusu 11.40 hadi 12.60, lakini yeye hafurahii chochote kinachoyumba kuelekea ukingoni. Halafu anamkabidhi kijana risiti ya pawasaplai peke yake na kumwambia asiipoteze, kwa sababu nzuri kati ya hizi huja na dhamana ya hadi miaka 10, na kadi itabadilishwa mara mbili au tatu kabla haijaisha. Akija kutaka kadi ya wati 250, ni kuongeza 50 kwenye 338. Inakuwa 388, na sanduku la 650 linabaki palepale lilipofungwa.