Gari Lililokaa

Tangazo la gari la zamani hubebwa na namba moja: kilomita. Land Rover ya mwaka 1978, mmiliki mmoja, imetembea kilomita 41,000 tu. Mnunuzi wa Nsemulwa, mjini Mpanda, akisoma hivyo, anapiga simu kabla hajauliza gari liko wapi. Fundi wake anapiga hesabu. Kilomita 41,000 kwa karibu miaka hamsini hazifiki 1,000 kwa mwaka, yaani kwa mwaka mzima gari halikufikisha hata umbali wa safari moja ya Mpanda kwenda Dar es Salaam. Basi gari hili limekaa. Limekaa wapi? Chini ya bati au chini ya mwembe? Nani alikuwa akiliwasha, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Maswali hayo ndiyo mwanzo wa kazi ambayo haipewi heshima inayostahili. Fundi anayefufua injini iliyokufa husifiwa gereji nzima. Anayemzuia mtu asinunue injini inayokaribia kufa hushukuriwa kwa soda, na pengine hata soda haipati, ilhali kazi yake inadai ujuzi uleule na subira zaidi.

Katavi, mkoa wa Mpanda hiyo, ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hiyo. Misheni ya Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iliingia mikononi mwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa 1974, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 yalifunguliwa makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba na Mishamo. Kazi zote hizo zilihitaji magari ya kupita porini. Gari lililobaki uani baada ya mradi kufungwa au mwenyewe kuzeeka lina sifa moja ambayo ndugu zake wa Tanga na Unguja hawana: halikuonja chumvi ya bahari. Fundi huliweka hilo moyoni, kisha analala chali na kuingia chini ya gari.

Hapo ndipo Land Rover za zamani huwadanganya wengi. Zilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, ambao hauliwi na kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma, tena yenye uwazi ndani. Matope ya masika huingia kupitia matundu yake, hujikusanya humo, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Juu gari linang'aa. Chini, mhimili unaoshika springi umebaki ganda. Fundi hatumii mashine yoyote. Anagonga chesisi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Penye sauti butu anabonyeza kwa ncha ya bisibisi. Mhimili wa nyuma kabisa, unaofungwa ndoano ya kuvutia tela, anaurudia mara mbili, kwa sababu ndio unaooza mapema. Akikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini tu, huku bodi ina vumbi la miaka, anataka kujua inaficha nini.

Ajabu ya gari lililokaa ni kwamba linaweza kuwa bovu pasipo kuchakaa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hutia kutu pistoni ndani ya silinda za breki, hivyo pedali hushuka polepole mguu ukiikandamiza, au gurudumu moja linagoma kuachia. Petroli iliyolala tangini huacha gundi inayoziba kabureta. Sili za raba hukauka. Panya hutafuna nyaya nyuma ya dashibodi. Hata tairi lenye kashata zote huenda limekufa: ubavuni mwake kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, na tairi lenye 2309 lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo si la kubebea watoto kwenda Sumbawanga, hata likionekana jipya namna gani.

Kuna na jambo la petroli yenyewe. Kufikia Januari 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi. Baadhi ya injini za zamani ziliitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu, na gari lililowekwa juu ya mawe kabla ya hapo huenda halijawahi kuonja petroli ya leo. Mpanda penyewe ni mji uliofikiwa na reli kutoka Kaliua kwa sababu ya mgodi wa risasi; wapo wazee wa hapa wanaoyaelewa madini hayo kuliko muuza magari yeyote.

Kilomita nazo hupimwa. Mita nyingi za enzi hizo zina tarakimu tano, kwa hiyo zikifika 99,999 huanza tena sifuri, na baadhi huhesabu maili: 41,000 za maili ni karibu kilomita 66,000. Fundi anaangalia raba ya pedali, usukani unapong'arishwa na viganja, kiti cha dereva na bawaba za mlango wake. Gari la kilomita 41,000 haliwezi kuwa na pedali ya klachi iliyoliwa hadi chuma. Vitu hivyo vikipingana na mita, yeye huviamini vitu.

Kisha injini, nayo lazima iwe baridi. Fundi anapofika na kukuta boneti ina joto, anajua mwenye gari amekwisha kuiamsha kabla ya wageni, na ana haki ya kuomba arudi kesho. Anachomoa kijiti cha oili: rangi ya maziwa ni maji yaliyoingia. Anawasha, anatazama moshi. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe usiokatika, wenye harufu tamu ya maji ya rejeta, gasketi imekwenda. Halafu anaendesha kwenye lami, redio imezimwa, kisha kwenye vumbi la mitaa ya Nsemulwa ambako bushi na difu hazina pa kujificha.

Asidhani mtu kwamba kazi hii yote ni ya kukataa. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejua spana kabla ya usukani wa mashindano, alishinda mashindano ya magari ya East African Safari pamoja na mdogo wake Jaswant, wakiendesha Volvo PV544 ya mkononi ambayo kiwanda kilikuwa kimeiingiza katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengine waliona gari lililokwisha kutumika. Yeye alijua kipi ndani yake bado ni kizima na kipi cha kubadilisha. Macho ya namna hiyo ndiyo anayoyatafuta mnunuzi anapomwita fundi.

Mwisho ni karatasi: namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma isomwe pamoja na ile ya kadi, na jina la kwenye kadi lihakikiwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla fedha haijatoka mfukoni. Gari lililokaa miaka mingi mara nyingi mwenyewe amefariki, na warithi hawajakubaliana.

Ukiwa njiani kwenda kuliona gari la namna hii, nenda na fundi, mpatie asubuhi nzima, na usimharakishe akiwa chini ya chesisi. Akisema liache, liache. Na ujira wake mlipe siku hiyohiyo, kamili, hata kama mmerudi nyumbani bila gari.