Ndagala, Tope na Nyavu: Tuusomeje Ushahidi Unaopingana?

Mwaka wangu wa pili niliandika insha kuhusu kupungua kwa ndagala na mukeke katika ziwa Tanganyika. Nimezaliwa Rumonge, kwetu ndagala wakikosekana mwaloni, ada ya shule nayo hukosekana. Nilizitaja tafiti mbili zinazopingana, nikaandika "wataalamu wanatofautiana", nikahitimisha. Nilipewa alama nzuri. Leo naona sikuzistahili.

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba joto limeyafanya maji ya juu ya ziwa yasichanganyike vizuri na ya chini yenye virutubisho. Walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulipungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2006, Jouko Sarvala na wenzake waliwapinga: takwimu za mavuno, walisema, zinaonyesha hasa mabadiliko ya uvuvi, si ya tabianchi.

Darasani tumezoea kuchagua upande mmoja, au kusema kila upande una hoja. Njia zote mbili zinaruka swali la msingi: kila mmoja alipima nini? Kundi la kwanza lilisoma joto la maji na tope la chini ya ziwa. La pili lilisoma samaki waliovuliwa. Lakini samaki waliovuliwa si samaki waliomo ziwani. Mitumbwi ikipungua, mwalo hukauka hata kama ziwa limejaa.

Mwaka 2016, Andrew Cohen, aliyekuwa pia miongoni mwa waandishi wa 2003, alishiriki utafiti wa mabaki ya samaki yaliyozikwa topeni. Walikuta kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hilo linaipa nguvu hoja ya joto, ila halithibitishi kwamba nyavu za leo hazina madhara.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kama chanzo ni joto peke yake, kumzuia mvuvi ni kumwonea. Kama nyavu nazo zinachangia, kumwachia ni kuwanyima wanawe samaki wa kesho.

Nawaomba walimu wetu: kabla ya kutuuliza nani yuko sahihi, tuulizeni kila mmoja alipima nini, wapi na lini. Nasi wanafunzi, "wataalamu wanatofautiana" iwe sentensi ya kuanzia kazi, si ya kuimalizia.