Walimu wa Sheria Wasio na Darasa

Msimu wa kuuza ufuta na korosho, Ruponda na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa hupata fedha, na penye fedha hapakosi ugomvi. Mpaka wa shamba umesogezwa. Mjane kanyimwa mikorosho aliyoipanda na marehemu. Hapo huitwa msaidizi wa kisheria.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, lakini si wakili na hasimami mahakamani kumtetea mtu. Kazi yake hasa ni ualimu. Kwenye mkutano wa kijiji anaeleza kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kwamba linapatanisha, halihukumu. Anamsomea mzee barua, anamwandikia malalamiko, anamwelekeza ofisi ya kwenda. Hatozi kitu. Wala kazi si nyepesi: aliyeshindwa hoja leo ni jirani yake kesho, pengine bado amenuna.

Ugomvi ulioishia barazani hauna jalada mahakamani. Wengi wanaolima kwa amani wana deni kwa msaidizi huyo, wajue wasijue.