Kutoka Wapi? Uhakiki wa Istilahi ya Njia za Moduli katika JavaScript

Barabara ya Port Bell jijini Kampala imepewa jina la iendako, si la itokako. Kwa aliyeko katikati ya jiji, jina hilo ni maelekezo tosha: akiifuata kupitia Luzira, atafika bandarini. Kwa aliyekwisha kufika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, barabara ni ile ile, lakini jina halimwelekezi tena popote. Maelekezo ya aina hii hayakamiliki mpaka ijulikane msomaji anasimama wapi.

Tatizo hilo limo pia katika lugha ya programu ya JavaScript, ambayo mfumo wake wa moduli ulisanifishwa mwaka 2015. Amri ya import inayoanza na alama ./ hukokotolewa kutoka faili lenye amri hiyo, bila kujali mtumiaji yumo katika saraka gani. Hata hivyo, katika Node.js, kazi ya kusoma faili la data, kwa mfano ./bei.json, hukokotolewa kutoka saraka ambamo programu imeanzishwa. Mistari miwili ya faili moja hubeba alama zile zile na vianzio viwili tofauti. Programu ikiendeshwa kutoka saraka ya mradi, yote hufanya kazi. Ikiendeshwa kutoka saraka nyingine, moduli hupatikana na data haionekani. Dawa yake ni kuifunga njia ya data kwenye anwani ya moduli yenyewe, kwa new URL('./bei.json', import.meta.url).

Mfasiri anayeikuta dhana hii hushawishika kuandika “njia husianishi”. Istilahi hiyo ni sahihi kisarufi, ila haisemi njia inahusiana na nini. Kasoro hii imo katika istilahi ya Kiingereza yenyewe, na tafsiri ya neno kwa neno huirithi ilhali Kiswahili kina nyenzo za kuiepuka. Viambishi vya mahali -po, -ko na -mo hutenga mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. “Data imo moduli ilimo” na “data ipo amri ilipotolewa” ni kauli mbili ambazo msomaji hawezi kuzichanganya.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Katika Kiswahili kisemwacho Kampala, upatanisho wa kisarufi mara nyingi hurahisishwa, na si kila msemaji hutegemea tofauti ya -po na -mo. Kwa hiyo viambishi pekee havitoshi kuwa msingi wa istilahi. Vinafaa katika maelezo, na kianzio kitajwe kwa nomino: “njia kutoka faili”, “njia kutoka saraka ya kazi”, “njia kutoka mzizi wa kifurushi”. Istilahi hizi ni ndefu kuliko “njia husianishi”, na urefu huo ndio unaobeba maana. Wahandisi wenyewe wameelekea huko. Ramani za moduli, zinazofanya kazi katika vivinjari vyote vikuu tangu mwaka 2023, na majina yanayoanza na # katika vifurushi vya Node.js, huruhusu moduli kuitwa kwa jina lisilobadilika hata faili linaloiita likihamishiwa saraka nyingine.

Suala hili si la wanaistilahi peke yao. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Iwapo vitabu vya kompyuta vitafuata baadaye, orodha ya maneno iliyolinganishwa na Kiingereza itampa mwanafunzi ujumbe wa kosa anaoweza kuusoma bila kuweza kuutumia. Washauri wa sera wanapopokea orodha ya istilahi, basi, wasiulize tu kama kila neno lina kisawe. Waulize pia kama mwanafunzi wa Luzira, akiwa na neno hilo peke yake, angejua aanzie wapi kutafuta faili lililopotea.